LSI 9211-8i na kebo zake: kadi haina neno, kebo ndizo za kuchunguzwa

Wapiga video za harusi, studio za muziki na mafundi wa CCTV kutoka Kisumu hadi Nakuru wanalia kilio kimoja: diski zimekuwa nyingi kuliko matundu ya SATA, yale ya kuunganisha diski, kwenye ubao mama. Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini Uingereza huja na matundu matatu au manne. Moja limeshikwa na diski ya mfumo, jingine na kiendeshi cha DVD ambacho hakuna anayekigusa tena. Dawa inayouzwa siku hizi ni kadi za seva zilizostaafu, na inayopatikana kwa urahisi ni LSI 9211-8i, kadi ya kuongeza nafasi za diski, pamoja na ndugu zake. Hapa tunaitazama kama seti nzima: kadi, kebo, stima na upepo. Kadi yenyewe ni ngumu na haikuli pesa bure. Kebo za bei rahisi zinazofungashwa nayo ndizo za kuogopa, na malalamiko mengi ya "kadi mbovu" ukiyafuatilia hadi mwisho unakuta ni kebo, joto au umeme.

9211-8i ina chipu ya SAS2008, inakaa kwenye sloti ya PCIe (tundu la kadi kwenye ubao mama) ya njia nane, kizazi cha 2, na ina soketi mbili za SFF-8087. Kila soketi hubeba diski nne, jumla nane, kila moja kwa hadi gigabiti 6 kwa sekunde. Inapokea diski za SAS, zile za seva, na za SATA pia, wakati tundu la SATA la ubao mama haliwezi kuendesha diski ya SAS hata ufanyeje. Angalia herufi ya mwisho ya jina: yenye "i" soketi zake ziko ndani ya kasha, yenye "e" ziko nje kwenye bamba la nyuma, na hiyo ya nje hutumia SFF-8088, plagi tofauti kabisa. 9207-8i ni ile ile kwa matumizi, ila ina chipu ya SAS2308 na PCIe ya kizazi cha 3. Kebo zake hazibadiliki. 9300-8i ya gigabiti 12 inatumia soketi za SFF-8643, ndogo zaidi, na kebo ya 9211 haiingii humo. Wauzaji huziita zote "mini SAS" bila kujali, kwa hivyo agiza kwa namba ya plagi.

Je, kuna haja ya kupanda hadi 9300? Kwa diski za kuzunguka, hapana. Diski ya kawaida ya inchi 3.5 hutoa takribani megabaiti 200 kwa sekunde, hivyo nane zikisoma kwa pamoja ni 1,600. Sloti ya kizazi cha 2 yenye njia nane hupitisha karibu megabaiti 4,000. Hata sloti ile ndefu ya chini ambayo kwa macho inafanana na ya kadi ya picha lakini imeunganishwa njia nne tu, hupitisha karibu 2,000. Bado inatosha. Pesa iliyobaki inunue kebo.

Kadi ya kuepuka ni yoyote yenye chipu ya SAS1068E. Ni ya kizazi cha gigabiti 3 na haioni zaidi ya terabaiti 2 kwa kila diski. Ukiweka diski ya terabaiti 8 utaona 2 tu. Huwa bei rahisi sana, na sababu ndiyo hiyo.

Jambo la kumuuliza muuzaji kabla ya pesa kutoka M-Pesa ni famuwea, yaani programu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Kadi hizi zinaweza kuendeshwa kwa hali ya IR, yenye RAID yake (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), au hali ya IT, ambapo kadi inapitisha diski kama zilivyo na kuiachia kompyuta kazi. Chukua IT. Sababu yake huku kwetu ni ya kimaisha: kadi ikifa Busia au Bungoma siku ya Jumamosi, diski za IT unazichomoa na kuzisoma kwenye kompyuta nyingine yoyote. Zile zilizofungwa kwenye RAID ya kadi zinasubiri kadi ya jamii ile ile ipatikane. Mwombe muuzaji picha ya kioo cha amri ya sas2flash -list, na kwenye picha hiyo utafute 20.00.07.00 na neno IT. Toleo la mwanzo la 20, lile linaloishia 00.00, lilikuwa na matatizo yanayojulikana; usilikubali libaki.

Kadi za IBM M1015 na Dell H310 zina chipu hiyo hiyo ya SAS2008 na zinaweza kugeuzwa kuwa 9211. Kazi ya kuzigeuza haina huruma, kwa sababu kuna hatua ya kufuta kumbukumbu ya kadi kwanza, na kompyuta ikizima kabla famuwea mpya haijaandikwa, kadi inalala. Kwa jinsi stima inavyokatika bila taarifa, usianze kazi hiyo bila UPS. Nakili pia anwani ya SAS iliyo kwenye stika nyuma ya kadi, ambayo mara nyingi huanza na 500605b, kwani ikifutika utalazimika kuiandika upya kwa mkono. Na programu ya DOS ikikwama na ujumbe wa "Failed to initialize PAL", si kadi iliyoharibika. Ubao wako ni wa UEFI, mfumo mpya wa kuwasha kompyuta, na unahitaji toleo la EFI la programu hiyo hiyo.

Sasa kebo. Ya kawaida ina plagi moja ya SFF-8087 upande mmoja na mikia minne ya SATA upande wa pili, imeandikwa P1 hadi P4. Mtego wa kwanza ni kwamba ziko aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja inapeleka kutoka kwenye kadi hadi diski nne. Nyingine inafanya kinyume: inakusanya matundu manne ya SATA ya ubao mama na kuyaingiza kwenye soketi moja ya bamba la diski la seva. Nyaya za ndani zimepangwa tofauti, ingawa plagi ni zile zile. Ukiweka ya kinyume kwenye 9211 hakuna kitakachoungua, ila hakuna diski hata moja itakayoonekana, na kadi itaonekana imekufa wakati ni nzima. Kwa jicho hutaitambua. Soma tangazo au karatasi ya pakiti: inayotakiwa ni ya kutoka kadi kwenda diski, ambayo wauzaji wa nje huiandika "forward". Kama pakiti haisemi kitu, jaribu dukani kwa diski moja kabla ya kuondoka.

Mtego wa pili ni urefu. SATA ina kikomo cha mita moja, na hiyo ni kwa kebo nzuri. SAS inaweza kwenda mita kadhaa kwa sababu inatumia volti kubwa zaidi, lakini diski ya SATA iliyochomekwa kwenye kadi ya SAS inabaki na masharti ya SATA. Kwenye kasha la kawaida nusu mita inafika, na kasha refu linahitaji sentimita 75. Kebo ya mita moja iliyozungushwa na kufungwa kwa zipu nyuma ya diski ni kero ya bure, na ikikunjwa kwa ncha kali ndani ya zipu hiyo, jozi za nyaya hupoteza umbo lake na makosa huanza.

Mtego wa tatu ni kulegea. Shika mkia wa SATA uangalie kama una klipu ya chuma mgongoni. Usio na klipu utatoka wenyewe kwa mtikisiko wa diski nane, au siku kompyuta inapobebwa ndani ya matatu kutoka Kakamega. Upande wa SFF-8087 kuna ulimi wa chuma. Unapoingiza lazima usikie mlio wake, na unapotoa ubonyeze ulimi kwanza. Kuivuta kwa nguvu hung'oa soketi kwenye kadi, na hapo mafundi wengi watakurudishia kadi ilivyo.

Ukinunua diski za SAS za mtumba, mkia wa SATA hautaingia. Diski ya SATA ina pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme. Kwenye diski ya SAS pengo hilo limezibwa na plastiki makusudi. Unahitaji kebo ya SFF-8087 inayoishia kwenye plagi nne za SFF-8482, ambazo hubeba data na umeme pamoja, kila moja ikiwa na kimkia chake cha kuchomeka kwenye pawa saplai. Kuna jingine: diski zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya data mara nyingi zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Linux itazitaja, iandike "Unsupported sector size 520" na isizitumie. Tiba ni sg_format --format --size=512 ikifuatwa na jina la diski kama /dev/sg3. Inachukua saa nyingi kwa diski kubwa, inafuta kila kitu, na haitaki kukatizwa.

Umeme ndio sehemu inayoweza kuleta moto, na hatutanii. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka hula karibu ampia 2 kwenye volti 12 kwa sekunde chache, kisha hushuka. Nane kwa pamoja ni ampia 16, karibu wati 190 kabla hujahesabu kompyuta yenyewe. Pawa saplai ya kompyuta kubwa ya kazi kama HP Z420, ya wati 600, inamudu. Ile ndogo ya kasha jembamba la ofisini haiwezi, na kwenye baadhi ya kompyuta hizo umeme wa diski hutoka kwenye ubao mama kupitia waya mwembamba uliokusudiwa diski mbili au tatu.

Plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu kwa kila volti, kila pini ampia 1.5, hivyo kikomo cha volti 12 ni ampia 4.5. Zile kebo za kugawanya, SATA moja kuwa diski nne, zinaomba ampia 8 wakati wa kuwasha. Plastiki hubadilika rangi kuwa ya kahawia kwanza, kisha huyeyuka. Gawanya kutoka Molex, ile plagi nyeupe ya pini nne, maana pini zake zinastahimili mzigo mkubwa zaidi, na usivuke diski nne kwa kila mkia unaotoka kwenye pawa saplai.

Hata kigawanyaji cha Molex kina mbaya na mzuri. Geuza plagi ya SATA uone mgongo wake. Kama nyaya zinapotelea kwenye donge moja la plastiki lililoyeyushwa juu yake, iache dukani. Ndani ya donge hilo nyaya zinaweza kuwa zimesogeleana, na siku zikigusana volti 12 hukutana na ardhi. Inayofaa ina kifuniko kinachobanduka, na kila waya unaonekana umebanwa kwenye meno yake.

Kuna diski mpya zisizowaka kabisa zikiunganishwa na pawa saplai ya zamani, hasa zilizotolewa kwenye makasha ya USB. Tangu SATA 3.3 ya mwaka 2016, pini ya tatu ya umeme inaweza kutumika kuzima diski ikipata volti 3.3, na pawa saplai za zamani huipeleka volti hiyo muda wote. Diski si mbovu. Tumia kigawanyaji cha Molex, ambacho hakina volti 3.3, au funika pini ya tatu kwa kipande chembamba cha utepe wa kuhami.

Kuhusu joto, kadi hizi zilitengenezewa seva zenye upepo wa kudumu, takribani futi 200 kwa dakika, kama mita moja kwa sekunde juu ya kipoza joto. Ndani ya kasha la nyumbani upepo huo haupo. Kisumu mchana nyuzi 30 si habari, na chipu hii inakula wati karibu 10 bila kupumzika. 9211 haikupi namna ya kusoma joto lake kwenye programu, kwa hivyo hutaonywa. Funga feni ya milimita 40 moja kwa moja juu ya kipoza joto. Skrubu nyembamba huingia kati ya mapezi na kushika vizuri. Kadi ya mtumba pia huwa na pasta ya joto iliyokauka kama chokaa, hivyo ifute kwa spiriti uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Walio karibu na ziwa wachunguze vichujio vya feni mara kwa mara, kwani wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku hujaza tundu la hewa hadi upepo ukwame. Nakuru shida ni vumbi, lakini tiba ni brashi ile ile.

Kufunga hakuhitaji mbwembwe. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe. Weka kadi peke yake kwanza, bila diski, na uone kama kompyuta inawaka. Ikikataa kuwaka au ikaganda bila picha, hasa na kadi za Dell na IBM kwenye ubao wa kawaida, tatizo huwa pini za SMBus, njia ndogo ya mawasiliano kati ya kadi na ubao: funika pini ya 5 na ya 6 za upande wenye chipu, ukihesabu kutoka upande wa bamba la chuma, na utepe mwembamba wa kuhami. Bamba lenyewe liangalie kabla ya kununua. Kadi nyingi huja na lile fupi la seva, na bila bamba refu lililofungwa kwa skrubu, uzito wa kebo mbili huivuta kadi ikainama kwenye sloti.

Kadi ikikubali, unganisha diski moja kwa P1, hakikisha inaonekana, kisha ongeza moja moja. Bandika karatasi kwenye kila diski yenye namba ya mkia na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya utengenezaji. Siku diski ya tatu itakapokufa, hutaki kuwa unachomoa nane ili uijue. Linux hutumia dereva iliyomo, mpt3sas, na Windows 10 nayo huitambua kadi bila CD yoyote. SSD ziache kwenye matundu ya ubao mama: kadi hizi hupitisha TRIM, amri ya kuiambia SSD data ipi imefutwa, kwa baadhi ya SSD tu, na nafasi ya kasi unaipata pale bila hasara.

Kupima kebo kuna kipimo kimoja cha kuaminika. Soma SMART ya diski, yaani rekodi yake ya afya, kwa smartctl -a, au CrystalDiskInfo kwa walio Windows, uangalie namba 199, inayoonyeshwa pia kama C7. Hiyo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na kadi. Haishuki kamwe, kwa hivyo diski ya mtumba ikionyesha 40 usihamaki. Andika namba hiyo, nakili gigabaiti mia moja hivi, usome tena. Ikibaki pale pale, kebo ni safi. Ikipanda, badilisha mkia kwanza: hamisha diski kutoka P2 hadi P4, na makosa yakifuata mkia, tupa kebo. Diski za SAS hazina 199. Kwao tumia smartctl -l sasphy na utazame "Invalid DWORD".

Diski moja ikipotea na kurudi, shuku mkia wake wa data au wa umeme. Nne za soketi moja zikipotea pamoja, shuku plagi ya SFF-8087. Zote nane zikitoweka kwa mpigo baada ya saa moja au mbili za kazi nzito, kisha zikarudi ukizima kompyuta ikapoa, hiyo ni joto; gusa kipoza joto, ukishindwa kuacha kidole hapo umepata jibu. Zikitoweka wakati wa kuwasha tu, pawa saplai imezidiwa.

Kwa mwenye diski tano au sita za SATA na kasha dogo, hatushauri 9211 kabisa. Kadi yenye chipu ya ASM1166 hutoa matundu sita ya SATA kwa PCIe ya kizazi cha 3, njia mbili, haichemki namna hii na inatumia kebo za SATA za kawaida ambazo hata maduka ya Oginga Odinga Street hayazikosi. Zile za matundu kumi na zaidi kwenye sloti ya njia moja ziepuke. Zinagawana megabaiti zisizofika 1,000 kwa sekunde kati ya diski zote, na nyingi zina chipu ya kugawanya tundu moja kuwa matano, ambayo diski moja ikikwama huzigandisha na jirani zake.

Bei ya 9211 iliyotumika hupanda na kushuka kwa kila mzigo unaoingia, na Nairobi huwa nafuu hata ukijumlisha ada ya kifurushi cha basi. Ukituma oda, ujumbe uwe hivi: "Nataka 9211-8i au 9207-8i, famuwea ya IT 20.00.07.00, picha ya sas2flash, bamba refu, na kebo mbili za SFF-8087 kwenda SATA nne, za kutoka kadi kwenda diski, nusu mita, zenye klipu za chuma." Muuzaji akijibu kwa swali juu ya bamba au klipu, anajua anachouza. Akijibu "zote ni sawa tu boss", tafuta mwingine.